Soksi Tatu za Mguu wa Kulia

Mama mkwe wangu humtazama mtu miguu kabla ya uso. Siku mume wangu aliponipeleka kwao mara ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kwa kila hali: nywele, nguo, majibu ya maswali yote niliyodhani nitaulizwa. Aliniambia nikae, akainama, akanivua kiatu cha kushoto kwa mkono wake, akakigeuza na kukagua soli ilivyolika. "Unakanyagia nje," akasema. "Soksi zako hutoboka hapa." Akagusa pembeni mwa kisigino, na papo hapo alipogusa palikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Yeye hata hakuiona aibu yangu. Alikuwa ameshainuka kwenda kutafuta uzi wa rangi ile.

Ni mfumaji wa soksi. Mtaa mzima unamwita Mama Soksi, na hata watoto wake mwenyewe wakimtania humwita hivyo. Ana mashine ya chuma ya kuzungusha kwa mkono, yenye sindano sabini na mbili zilizopangwa duara, ambayo aliinunua kwa mtu aliyekuwa akifunga karakana yake. Ameifunga kwa skrubu kwenye meza iliyo chini ya dirisha la chumba cha mbele, na ukikaa nyumba ile siku mbili tatu husikii tena mlio wake, unasikia tu ukinyamaza. Anafuma soksi za shule: za kijivu zenye mistari miwili ya bluu, nyeupe tupu, nyeusi za wanafunzi wakubwa. Mteja akija bila mtoto humwuliza umri wa mtoto na anavyotembea. Akija na mtoto humwambia, "Kunja ngumi." Kisha huizungusha soksi kwenye ile ngumi, kisigino cha soksi kikikutana na ncha yake anajua itamtosha. Wapo watoto waliomkunjia ngumi wakidhani anataka kupigana nao, na mmoja alimtandika kweli. Mama Soksi alicheka wiki nzima.

Nayasema haya ili mjue nazungumzia mtu wa namna gani. Si mzembe. Si mtu asiyejua anachokishika. Kama kuna kitu kimoja duniani anachokijua kuliko sisi wote, na kuliko madaktari wengine, ni mguu wa mtoto.

Mwanangu wa kwanza tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Alianza kusema kabla ya kutembea na hajanyamaza tangu siku hiyo. Huongea akila, huongea akioga, huongea usingizini. Bibi yake humwita "mke mwenzangu," na wakikaa pamoja mashineni, mmoja akizungusha na mwingine akisimulia, hujui nani anamchosha nani. Sisi wengine tulijifunza kumsikiliza kwa sikio moja. Unaitikia "enhe," "kumbe," "haya," huku ukiendelea na shughuli zako. Hakuna mzazi wa mtoto msemaji atakayenilaumu kwa hilo. Au labda atanilaumu, akimaliza kusoma.

Alipokuwa na miaka mitano alipata kikohozi kisichoisha, tukampeleka zahanati, na mganga aliyemsikiliza kifua akasikia kelele isiyotakiwa kuwepo. Tukapelekwa hospitali kubwa. Huko tukaelezwa kwamba mtoto akiwa tumboni ana mshipa mfupi unaounganisha mishipa miwili mikubwa inayotoka moyoni, na akishazaliwa ule mshipa hujifunga wenyewe siku za mwanzo. Wa Chiriku haukujifunga. Damu ilikuwa ikirudi mapafuni kila pigo, moyo ukifanya kazi ya mioyo miwili, na ndiyo sababu alikuwa mwembamba vile, hata tukawa tukimsema kwamba maneno yanamla mwili.

Daktari wa moyo wa watoto alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye kalamu mfukoni na tabia ya kuchora. Alituchorea moyo kwenye karatasi, mimi, mume wangu na mama mkwe tumekaa mbele yake kama wanafunzi. "Hatumpasui kifua," alisema. "Tutapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinenani, upande wa kulia, tuupandishe mpaka moyoni, tuweke kizibo kidogo pale palipo wazi, tuutoe mrija. Atabaki na alama isiyozidi ukucha."

Hatumpasui. Tulilisikia neno hilo, na nadhani baada yake hatukusikia tena. Maana daktari aliendelea. Alisema kila tiba ina hatari zake, na kwa mtoto mdogo mishipa ni myembamba. Panaweza kutoka damu pale kinenani. Moyo unaweza kukosea mapigo mrija ukiugusa. Dawa inayoonyesha mishipa kwenye picha inaweza kumkataa. Kizibo kinaweza kuponyoka kikaenda pasipotakiwa. Na mshipa wa mguu uliopitishwa mrija unaweza kuziba kwa damu iliyoganda, mguu ukakosa damu. Alituuliza kama tuna swali. Mama mkwe akauliza, "Moyo wenyewe unaweza kusimama?" Daktari akamjibu kwamba ni nadra mno na kwamba watakuwa wamejiandaa. Mume wangu akasaini.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka uso wa daktari aliposema neno mguu. Siukumbuki. Nakumbuka tu mchoro wa moyo na kalamu ikizunguka juu yake.

Siku ya tiba tulifika alfajiri. Mtoto wetu wa pili alikuwa na miezi minne, ananyonya, na watoto wachanga hawakuruhusiwa wodini. Halafu kila kitanda kiliruhusiwa mtu mmoja wa kukaa. Tukapanga hivi: mama mkwe akae na Chiriku, mume wangu akae na mchanga kwenye benchi la nje, na mimi niwe wa kuingia na kutoka. Nilimwachia mama mkwe nafasi ile kwa moyo mweupe. Nilijua hatasinzia.

Chiriku aliingizwa saa tatu, saa tano akarudishwa kitandani. Daktari alitufuata mwenyewe kwenye benchi la nje akiwa na kofia yake ya karatasi. "Kizibo kimekaa vizuri," akasema. "Moyo umeshaanza kupumzika." Mume wangu, ambaye hana machozi ya karibu, alikwenda kusimama nyuma ya gari la mtu mpaka akawa tayari kutazamwa.

Nesi wa zamu, msichana mwenye mwendo wa haraka, alimweleza mama mkwe mambo manne: mtoto alale chali, mguu wa kulia usikunjwe kwa saa sita, bandeji ya kinenani isiguswe, na miguu yote miwili ikae wazi nje ya blanketi. Aliweka alama ya msalaba kwa kalamu kwenye mgongo wa mguu wa kulia, pale anapohisi mapigo, na kila robo saa akawa anakuja, anagusa, anaandika kwenye ubao uliotundikwa miguuni mwa kitanda.

Matatu ya mwanzo mama mkwe aliyashika kama sheria. La nne lilimshinda. Wodi ile ilikuwa na kiyoyozi kinachopuliza juu ya kitanda kile kile, na yeye, aliyeishi maisha yake yote akifunika miguu ya watoto wa watu, alitakiwa aitazame miguu ya mjukuu wake ikiwa nje. "Amelazwa kama maiti," aliniambia nilipoingia mara ya kwanza. Alikuwa na begi lake la nyuzi, na ndani yake jozi tatu alizofuma maalumu kwa ajili ya hospitali, za manjano, laini, bila mpira wa kubana.

Mpaka saa sita mchana mambo yalikuwa sawa. Mapigo yapo, joto lipo, nesi ameandika. Tangu hapo ukaguzi ukawa wa nusu saa nusu saa. Nesi alipogeuka tu, mama mkwe akatoa jozi ya kwanza, akamvalisha miguu yote miwili, akairudisha miguu chini ya blanketi.

Saa sita na nusu nesi alirudi, akaona. "Mama, nilisema miguu iwe wazi."

"Ndiyo kwanza amepata usingizi, mwanangu. Gusa juu juu."

Kitanda cha pili mtoto mwingine alikuwa akitapika na mama yake akiita. Nesi aligusa juu ya soksi, akasikia joto la uzi, akaandika, akaenda. Sitamlaumu peke yake. Wodi ilikuwa na watoto kumi na wanne na yeye alikuwa mmoja.

Alipoondoka, mama mkwe alipenyeza mkono ndani ya soksi, kwa mazoea tu, kama anavyokagua soksi zote. Wa kushoto ulikuwa na joto. Wa kulia ulikuwa wa baridi. Akasubiri. Saa saba kasoro robo akaukagua tena, bado wa baridi. Akatoa jozi ya pili, akachukua soksi moja, akauongezea mguu wa kulia.

Mimi niliingia saa saba na robo, mchanga akiwa ameshiba na kuachwa kwa baba yake. Chiriku alikuwa macho nusu nusu, macho yamelegea kwa dawa ila mdomo unafanya kazi. Aliniambia plasta ya mkononi inawasha. Aliniambia yule wa kitanda cha pili ana kikaragosi chenye kofia. Aliniambia anataka juisi, si maji, na kwamba bibi amekataa kumsimulia, na kwamba nesi ana kalamu ya rangi nne. "Na mguu huu siusikii," akasema.

"Utausikia ukiamka," nikamjibu. "Lala, mama."

Ndivyo nilivyosema. Nilimfunika vizuri, nikambusu paji la uso, nikatoka kwenda kula mkate. Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale miguuni, mkono wake uko chini ya blanketi.

Saa saba na nusu akaongeza ya tatu.

Saa nane zamu ilibadilika. Nesi yule, ambaye saa saba na saa saba na nusu alikuwa amegusa vivyo hivyo juu ya soksi, alipita kwa haraka mara ya mwisho, mtoto amelala, soksi zimejaa joto, akaandika alivyoandika. Aliyemfuata alisoma ubao, akaridhika. Saa tisa kasoro robo daktari akaja kukagua wagonjwa wake, na mimi nilikuwa mlangoni, nikaomba niingie dakika mbili nisikie anachosema.

Alifunua blanketi. Alikunja uso kidogo alipoona soksi, akamvua ya kushoto. Wayo ulikuwa na rangi yake, vidole vikajikunja kwa kutekenywa. Akavua ya kulia. Chini yake palikuwa na soksi. Akaivua. Chini yake palikuwa na nyingine. Hapo nikasogea kitandani, kabla sijaona chochote. Soksi tatu mguu mmoja na moja mguu mwingine. Mtu hafanyi hivyo kwa bahati mbaya.

Mguu ulipotoka sikuutambua. Ulikuwa umepauka rangi ya majivu kuanzia katikati ya muundi, kucha zimegeuka bluu, na ule msalaba wa kalamu umesimama juu yake mweusi, wazi kabisa. Daktari akaweka vidole viwili juu ya msalaba. Akangoja. Akavisogeza. Akangoja tena. Akaletewa kifaa cha kusikilizia mapigo, akakipaka mafuta, akakigandamiza, na kutoka kwenye spika yake ndogo ikatoka sauti ya upepo tu. Akakihamishia mguu wa kushoto: fyu, fyu, fyu. Akakirudisha kulia. Upepo.

Nilisikia sauti yangu ikiuliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza. "Mguu? Si alitibiwa moyo?"

"Moyo uko salama," daktari akasema bila kuinua kichwa. "Mguu hauna damu."

Nilishika chuma cha kitanda. Miezi yote ile tuliulinda moyo. Tuliuombea moyo, tuliota ndoto mbaya za moyo, majirani walikuja kutupa pole ya moyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuufikiria mguu. Na mtoto alikuwa amelala pale, anapumua vizuri kuliko alivyowahi kupumua, huku mguu wake unakufa chini ya blanketi.

Daktari alichukua ubao. "Saa nane, joto lipo, mapigo yapo," akasoma. Alitazama saa yake. "Basi haijafika hata saa moja. Tuanze dawa ya kuzuia damu kuganda kwa dripu, tumwangalie mpaka jioni. Mara nyingi hufunguka wenyewe."

Mama mkwe akasimama. Begi la nyuzi lilianguka, vibonge vikabingirika mpaka chini ya kitanda cha pili. "Daktari," akasema, "karatasi hiyo si ya kweli."

Nesi mpya akageuka. Daktari akaweka ubao chini.

"Mguu ulikuwa wa baridi saa sita na nusu. Niliushika mwenyewe, ndani ya soksi. Saa saba kasoro robo nikaongeza ya pili. Saa saba na nusu nikaongeza ya tatu. Haukupata joto."

"Kwa nini hukumwita nesi?"

"Mguu ukiwa wa baridi mimi huuvalisha," akasema. "Ndiyo kazi yangu."

Daktari hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Akamwuliza kwa haraka, "Mtoto alisema chochote? Maumivu, ganzi?"

Nilikumbuka kila kitu kwa mpigo, kikaragosi, juisi, kalamu ya rangi nne, na lile la mwisho. Mama mkwe alinitazama. Si kwa muda mrefu, kiasi cha mtu kupepesa macho. Kisha akamgeukia daktari.

"Alisema hausikii mguu. Saa saba na robo."

"Alikwambia wewe?"

"Aliniambia mimi."

"Na hukufanya kitu?"

"Sikufanya."

Daktari alikuwa tayari na simu mkononi. "Hatusubiri jioni," alimwambia mtu wa upande wa pili. "Mtoto wa miaka mitano, mshipa wa paja umeziba, saa mbili na zaidi, ganzi imeanza. Nahitaji daktari wa upasuaji wa mishipa sasa hivi." Kisha akatuambia mimi na mama mkwe, kwa sauti ile ile tulivu, kwamba watampasua kinenani na kuitoa ile damu iliyoganda, na kwamba kama angefuata karatasi angekuwa ameuchezea mguu ule kamari. Alimtazama mama mkwe aliposema hivyo. Nafikiri ilikuwa shukrani. Lakini hakuna mtu aliyeipokea.

Mume wangu alisainishwa kwenye korido, mchanga amemlalia begani. "Nini kimetokea?" akauliza, na kabla sijajua nitasema nini mama yake akamweleza. Alimweleza yote: baridi, soksi, saa, na kwamba mtoto alisema na yeye akanyamaza. Mume wangu ni mtu wa hasira za baridi. Hapigi kelele, anafunga mlango. Nilimwona akiufunga pale pale, mbele ya macho yangu, akimtazama mama yake kama mtu aliyegongana naye barabarani. "Ulikuwa na kazi moja," akamwambia.

Ningeweza kusema. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilijiambia nitasema mtoto akitoka. Alipotoka, saa kumi na moja na nusu, mapigo yamerudi, ya mbali lakini yapo, nikajiambia nitasema tukifika nyumbani.

Mguu ulipona. Niseme hivyo waziwazi, maana watu hushika roho mkononi wakisikia habari hii. Vidole viwili vilibambuka ngozi na kuota upya. Muundi ulibaki mwembamba kuliko mwenzake, na Chiriku kwa wiki kadhaa alitembea kwa kuuburuza kidogo, huku akituhadithia jinsi unavyomburuza. Nesi yule aliitwa kujieleza, akahamishwa wodi. Mama mkwe alirudi mashineni kwake kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa na soksi mia mbili zilikuwa zimeagizwa.

Ila mume wangu hakukanyaga tena nyumba ile. Miezi minne. Wifi yangu alijaribu kuwapatanisha, akaambulia patupu, na kwa hasira zake akaisambaza habari, mpaka wateja wakawa wanaulizana mtaani kama ni kweli Mama Soksi nusura amkate mjukuu mguu. Mimi nilikuwa nampeleka Chiriku kwa bibi yake kwa kuibia, mchana, baba yake akiwa kazini. Mama mkwe alinipokea kama siku zote. Hakuwahi kunitupia neno. Mara moja nilianza, "Mama, siku ile," akanikata, "Nishikie huu uzi," nikaushika. Nilikuwa nashukuru kukatwa. Ndivyo nilivyokuwa mwoga, na sina neno jingine la kujiita.

Kisha ikafika siku ya kupimwa. Daktari alitaka kumwona mtoto pamoja na wote waliokuwa wakimlea, akasisitiza na bibi aje. Chumba kilikuwa kidogo. Mume wangu alikaa karibu na mlango, mchanga magotini, mbali na mama yake kadiri kuta zilivyoruhusu. Daktari alikuwa na wanafunzi wa uuguzi watatu, wamejipanga ukutani na madaftari. Alimlaza Chiriku, akanyoosha utepe kutoka nyonga mpaka kifundo, kulia na kushoto, mara mbili. Mguu wa kulia ulikuwa umepungua milimita nne.

Milimita nne. Nilidhani nimeshamaliza kushtuka, kumbe bado. Daktari alisema huenda ukaufikia mwenzake na huenda usiufikie, kwamba mguu uliowahi kukosa damu wakati mwingine huchelewa kukua, na kwamba atampima kila miezi sita. Kisha akawageukia wanafunzi wake.

"Andikeni hili," akasema. "Moyo ulipona siku ile ile. Hatari ilikuwa mguuni. Na wa kwanza kusema hakuwa mimi wala nesi, alikuwa mtoto mwenyewe. Alimwambia bibi yake kwamba hausikii mguu. Mtoto akiwaambia hivyo, mwaminini, hata kama anasema mengine mia."

"Sikumwambia bibi," Chiriku akasema akiwa amelala pale, anachezea ncha ya utepe. "Nilimwambia mama."

Kalamu za wanafunzi zikasimama.

"Amechanganya huyu," mama mkwe akasema upesi. "Alikuwa na dawa za usingizi."

"Sijachanganya. Bibi alikuwa ananishika mguu. Mama akasema nitausikia nikiamka, nilale. Nikalala."

Daktari alinitazama, akakumbuka nilivyosimama pale kitandani bibi akijibu, akatazama pembeni. Mama mkwe alikuwa akitikisa kichwa kidogo, akinikataza. Hata wakati ule alikuwa akinikataza.

"Hajachanganya," nikasema. "Aliniambia mimi."

Mume wangu aliinuka. Aliniwekea mchanga mapajani bila kunitazama, akavuka chumba kile kwa hatua tatu, akachuchumaa mbele ya mama yake, maana hapakuwa na kiti kingine.

"Mama," akasema. Miezi minne hakuwa amelitamka neno hilo. "Kwa nini ulibeba?"

Mama mkwe alimshika kichwa kwa mikono miwili, ile mikono yenye vidole vilivyokakamaa kwa uzi. Hakulia. Alimjibu kwa sauti ya kawaida, mbele ya daktari, mbele ya wanafunzi, mbele yangu.

"Mimi huwezi kuniacha, nimekuzaa. Yeye ungemwacha."

Nilikaa na mtoto mapajani nikimsubiri mume wangu aseme kwamba si kweli. Daktari akakunja utepe wake. Mume wangu hakusema.